Mjomba anataka niandike kwamba nimeishi Texas mwaka mzima

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 22, ni Mtanzania, kwetu Moshi. Baada ya kidato cha sita nilicheza bahati nasibu ya grinikadi, jina likatoka. Nilifika Marekani Juni mwaka jana nikakaa kwa binamu yangu Minnesota, nikafanya kazi kwenye ghala. Binamu alipopata mtoto wa pili nyumba ikawa ndogo. Tarehe 9 Februari mwaka huu nikahamia kwa mjomba, kaka wa mama, nje kidogo ya Houston. Tangu tarehe 14 Aprili nahudumia wazee majumbani kupitia wakala mmoja. Kuna wiki napata saa 36, kuna wiki 18, inategemea kama mteja yupo nyumbani au kalazwa.

Nimedahiliwa chuo kikuu cha umma hapa Texas, nianze Agosti, masomo ya kuelekea uuguzi. Tulifurahi mpaka bili ilipokuja. Krediti 15, karibu dola 12,000 kwa muhula mmoja, kwa sababu nimewekwa kundi la wasio wakazi wa jimbo. Binti wa jirani anasoma hapo hapo, analipa chini ya 6,000. Baba aliuza kiwanja ili nisome, na zilizonifikia ni dola 14,000 na kidogo. Nikilipa ada hii na vitabu, muhula wa pili sina kitu.

Mjomba anasema nibadilishe fomu, niandike kwamba nilifika Texas Juni mwaka jana moja kwa moja toka Tanzania. Yeye ataandika barua, atatoa bili ya umeme na mkataba wake wa pango, na kwenye kodi yake ataniweka kama mtegemezi ili tuwe na karatasi ya nguvu. Anasema kila mtu amefanya hivyo na hakuna anayefuatilia. Mkewe anasema hakuna haja ya kudanganya, eti ukiwa na skolashipu ya dola 1,000 tu unalipa ada ya wenyeji, na jumuiya yetu ya Watanzania iko tayari kunichangia 1,000 na kuiita skolashipu. Rafiki yangu naye anasema nianze tu, mwaka ukiisha nitakuwa mkazi moja kwa moja.

Barua ya mjomba moyo unaikataa. Lakini nalala kwake, nakula kwake, hanidai hata senti. Nikikataa nitaonekana najifanya najua. Nikisema nisubiri mwaka, baba atauliza kiwanja kiliuzwa cha nini. Nifanyeje?

Binti wa Moshi, Houston

*

Marahaba mwanangu.

Nimekusoma mpaka mwisho. Una pesa ya baba inayotosha muhula mmoja, una mjomba ambaye wema wake umekuja na karatasi ya kusaini, na una washauri watatu ambao kila mmoja ameshika kipande cha sheria ya Texas. Vipande hivyo vina ukweli ndani yake, ndiyo maana vinachanganya. Tuvichambue kimoja kimoja, kisha tuongee kuhusu mjomba na baba, kwa sababu nahisi hapo ndipo penye uzito.

Kwanza tarehe. Texas humhesabu mtu mzima kuwa mkazi akiwa ameweka makazi yake ya kudumu jimboni na kuyadumisha miezi 12 mfululizo kabla ya siku ya kuhesabu wanafunzi ya muhula husika. Siku ya kuomba chuo na siku ya kulipa hazihusiki hapa. Kwa muhula wa kawaida wa wiki 16, inayotazamwa ni siku ya 12 ya masomo. Kwa vipindi vya kiangazi ni siku ya nne. Weka tarehe zako juu ya kalenda hiyo. Agosti hii utakuwa na miezi sita na ushee. Muhula unaoanza Januari, siku ya 12 huangukia mwisho wa Januari au mwanzoni mwa Februari, nawe uliingia tarehe 9. Umeukosa kwa siku chache, na inauma, najua.

Hata ungefika Desemba, bado kuna suala la kazi. Kukaa jimboni peke yake hakutoshi. Chuo hutaka kitu kinachoonyesha umekuja kuishi. Kwa mtu asiye na nyumba yake wala biashara, wala hajaolewa na mkazi, kitu hicho kwa kawaida ni ajira ya wastani wa saa 20 kwa wiki au zaidi, iliyodumu miezi 12 kabla ya siku ile ya kuhesabu. Yako ilianza 14 Aprili. Kwa hiyo muhula wa kwanza usio na ubishi kwako ni wa kiangazi, Juni mwakani, halafu Agosti.

Hizo wiki za saa 18 zinanifanya nikuombe uwe macho. Kazi za majumbani zina tabia yake: mteja akilazwa saa zinakatika, akifariki wakala anaweza kukuacha wiki kadhaa bila mtu. Wiki ya saa 36 inaiziba ya 18, lakini mwezi mzima bila slipu ya mshahara ni pengo utakaloulizwa. Ukiona mteja anadhoofika, omba wa pili mapema, au jiandikishe kwa wakala mwingine pia. Na ulipwe kwa slipu. Wapo mawakala wanaorusha pesa kwenye simu bila karatasi yoyote. Mwakani utakuwa umefanya kazi mwaka mzima na huna cha kuonyesha. Barua ya mwajiri inayokubalika huwa na nembo ya ofisi, tarehe uliyoanza, maneno kwamba bado upo kazini, na wastani wa saa kwa wiki. Iambatane na taarifa za benki zenye anwani ya Texas tangu ulipohamia. Kama bado unatembea na leseni ya Minnesota, badilisha wiki hii, kwani mgeni wa jimbo hupewa siku 90 na zako zimepita.

Sasa barua ya mjomba. Sioni ubaya wa moyo ndani yake. Anaona bili ya mpwa wake imezidi mara mbili kwa sababu ya tarehe, na anataka kuisukuma tarehe. Lakini hebu tazama barua hiyo ingepambana na nini. Mwenye grinikadi hutakiwa kuwajulisha uhamiaji ndani ya siku 10 kila anapohama, na kama ulifanya hivyo Februari, serikali ina maandishi yako. Kuna karatasi ya kodi ya mshahara wa ghala la Minnesota. Kuna leseni. Na kuna fomu yako ya kwanza ya maombi, iliyokwisha kufika chuoni. Mtu wa ofisi ya usajili akiona majibu mawili ya mwanafunzi mmoja yenye tarehe tofauti, ndipo anapoanza kuomba vielelezo, hata kama hakuwa na mpango wa kukufuatilia.

Ikigundulika, tuseme mwaka wa tatu, sheria ya Texas inaruhusu chuo kukudai tofauti yote ya ada ya mihula iliyopita, uilipe ndani ya siku 30 tangu utaarifiwe, na mpaka ulipe hupewi cheti wala hati ya matokeo yenye masomo hayo. Kwa mtu anayeelekea uuguzi, bila hati ya matokeo huwezi kuhamia popote wala kuomba leseni. Juu ya hapo, kuweka maelezo ya uongo kwenye kumbukumbu za serikali ni kosa la jinai Texas, na fomu ya kuomba uraia huuliza kama umewahi kutenda kosa hata kama hukukamatwa. Mjomba naye angekuwa ameweka sahihi yake hapo. Huenda hilo hajalifikiria.

Kuna jambo ambalo nadhani mjomba halijui kabisa. Kukuweka kwenye kodi yake hakukupi ukazi. Sheria inaruhusu mtegemezi kufuata makazi ya mzazi wake, na mzazi kwa maana hiyo ni wa kuzaa, wa kuasili, au mlezi aliyewekwa na mahakama. Mjomba hayumo, hata awe amekulea tangu utoto. Kwa upande mwingine, wazazi wako wa kweli wako Moshi na hawajazi kodi ya Marekani, kwa hiyo hapa hakuna mzazi wa kukuweka kwenye kodi yake. Hilo linakusaidia, kwani unahesabika kuwa unajitegemea na unaweza kujijengea ukazi mwenyewe kwa jasho lako. Fomu ya maswali ya ukazi itauliza pia nani anabeba sehemu kubwa ya matumizi yako. Jibu kama ilivyo, pesa ya baba ikiwemo.

Usichanganye hili na FAFSA, fomu ya msaada wa serikali kuu. Huko, ukiwa chini ya miaka 24 na hujaolewa, unahesabika bado uko chini ya wazazi hata kama wako nje ya nchi, na kipato chao kinatakiwa. Barua yako haikuitaja FAFSA, nami nashangaa kidogo kwa nini. Umeijaza? Mwenye grinikadi anastahili, na ruzuku ya Pell haijali wewe ni mkazi wa jimbo gani. Kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025/26 ni dola 7,395, na hairudishwi. Baba asiye na namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani anaweza kufungua akaunti yake mwenyewe mtandaoni. Itachukua muda na simu kadhaa za Moshi usiku, lakini hesabu uliyoniandikia inaweza kubadilika sana.

Tuje kwa mke wa mjomba. Yeye amekaribia ukweli kuliko wote. Sheria ipo: mwanafunzi asiye mkazi aliyepata skolashipu ya ushindani isiyopungua dola 1,000 anaweza kuruhusiwa kulipa ada ya mkazi. Lakini skolashipu hiyo lazima itolewe na kamati iliyoidhinishwa na chuo chenyewe, na uwe umeshindania nafasi hiyo na wanafunzi wengine, wakazi wa Texas wakiwemo. Mchango wa jumuiya, hata ukiitwa skolashipu na kukabidhiwa kwa picha na keki, hautimizi sharti hilo. Upokee kwa shukrani, ununue vitabu. Pia chuo kina ukomo: wanaosamehewa kwa njia hii hawazidi asilimia 5 ya wanafunzi wa muhula kama huo wa mwaka uliotangulia, na msamaha wenyewe huenda na kipindi cha skolashipu. Ikitaka wastani fulani wa alama au krediti 12 kila muhula nawe ukateleza, bili inarudi ilipokuwa. Waulize ofisi ya ufadhili swali moja tu: skolashipu zipi bado ziko wazi kwa Agosti au Januari, na ipi kati yake inabeba msamaha wa ada ya wasio wakazi? Kwenye tovuti nyingi neno hilo la mwisho limejificha kwenye maandishi madogo.

(Kwa wasomaji wenye viza ya mwanafunzi ya F-1: ninyi hamwezi kujijengea ukazi Texas hata mkikaa miaka minne, lakini mlango huu wa skolashipu ya ushindani uko wazi kwenu pia. Uamuzi wa mahakama wa Juni 2025 uliwaondolea ada ya wakazi wasio na hadhi halali ya kuwepo nchini. Mwenye grinikadi haukumgusa, ila msishangae ofisi zikiomba kuiona kadi.)

Rafiki yako anayesema uanze tu ana hoja nusu. Hakuna ukazi unaokuja wenyewe. Wewe ndiye unayewasilisha upya fomu ya maswali ya ukazi na vielelezo, kabla ya siku ya kuhesabu wanafunzi, na mihula uliyokwisha kulipa kama mgeni hairudishwi. Faida yako ni kwamba ulihamia na kuanza kazi kabla ya masomo, hivyo si rahisi kuambiwa umekuja kusoma tu. Hatari yake naiona kwenye ratiba. Krediti 15 zenye sayansi na maabara humla mtu. Saa 36 zinakuwa 12, au unapata kazi ya maktaba chuoni ukaona nafuu. Kazi zinazotolewa kwa sababu wewe ni mwanafunzi, kama hizo za maktaba, hazihesabiki. Ukianza Agosti, wastani wa saa 20 nje ya chuo ndio utakaokubeba au kukuangusha.

Halafu kuna kungoja, ambako umekutaja kama aibu. Sijui kama ni lazima kuwe mwaka wa kukaa bure. Vyuo vya jamii, vile vya miaka miwili, navyo hutoza wasio wakazi zaidi, lakini kwa kiwango cha chini kuliko chuo kikuu, na masomo mawili kwa muhula yanakuachia nafasi ya kazi. Texas ina namba za pamoja za masomo: ENGL 1301 ni ile ile kila mahali, na BIOL 2401, anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza, inatambulika hivyo hivyo. Krediti 42 za msingi zikikamilika zinahamia chuo chochote cha umma jimboni. Nusu ya mzigo inatosha pia kupata sehemu ya Pell.

Njia hii nayo ina mashimo. Omba chuo kikuu kikuahirishie nafasi kwa maandishi; vingine vinakubali, vingine vinakutaka uombe upya. Uliza ukichukua krediti kadhaa kwingine kama bado utahesabika mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au aliyehamia toka chuo kingine, kwa sababu skolashipu za wapya huwa nono kuliko za wanaohamia. Usichukue anatomia ukitoka zamu ya usiku kwa matumaini ya kurudia. Shule nyingi za uuguzi huangalia idadi ya majaribio. Na kuna hatari isiyoandikwa kwenye fomu yoyote, ambayo Watanzania wa huko mnaijua kwa jina la kubeba boksi: saa za ziada zinakuwa tamu, mwaka mmoja unazaa wa pili, na nafasi ya chuo inazeeka kwenye barua pepe. Unajijua kuliko ninavyokujua.

Nimefikiria pia urudi Minnesota, nikaona hakuna nafuu. Makazi ya huko umeshayaacha, na saa ingeanza upya.

Ni kweli kumwambia mjomba hapana, ukiwa chini ya paa lake, si kazi ndogo. Lakini je, lazima iwe hapana tupu? Unaihitaji barua yake, ila yenye tarehe ya kweli: kwamba umeishi kwake tangu 9 Februari, katika anwani hiyo, na bado upo. Unahitaji amwombe mwenye nyumba akuongeze kwenye mkataba. Mwakani vitu hivyo viwili vitakuwa na thamani, na ni yeye tu anayeweza kuvitoa. Unaweza kumwendea hivi: "Mjomba, barua naiomba, lakini iandikwe Februari, maana uhamiaji wanayo tarehe yangu." Hapo humfundishi adabu, unamweleza ugumu ulipo. Mkewe, ambaye tayari hapendi uongo, anaweza kukaa upande wako siku hiyo.

Baba naye mpe hesabu badala ya maelezo. Tofauti ya ada ya mkazi na mgeni katika vyuo vya umma vya Texas imekuwa zaidi ya dola 400 kwa krediti moja miaka ya karibuni. Krediti 15 ni zaidi ya 6,000 kwa muhula. Shahada ya krediti 120 inapita 48,000. Aone kiwanja kingenunua nini Agosti hii na kingenunua nini Juni mwakani, kisha msikilize. Huenda akasema anza, pesa nyingine itatafutwa. Huenda akakushangaza. Wazazi waliouza kitu huogopa zaidi kimya kuliko kuchelewa, na nadhani hujampa nafasi ya kujibu.

Kabla hujalipa chochote, iandikie ofisi ya ukazi ya chuo, kwa barua pepe ili majibu yabaki. Waulize siku ya kuhesabu wanafunzi ya Januari na ya kiangazi ni tarehe ngapi, barua ya mwajiri wanaitaka kwa muundo gani, na kama wiki za saa pungufu wanazipima kwa wastani wa mwaka au mwezi kwa mwezi. Hilo la mwisho wakikujibu, niandikie tena, kwa sababu ndilo litakaloamua kama utafute mteja wa pili sasa hivi.